Nirudishiwe Ugomvi Wangu na Mhasibu

Kwa Afisa Utumishi,
Karakana ya Mapazia,
Ghorofa ya juu, mlango unaokwama.

Ndugu Afisa Utumishi,

KUHUSU: MADHARA NILIYOPATA KUTOKANA NA ZAWADI NZURI

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na feni yako, ambayo sisi wa chini huwa tunaisikia tu ikizunguka.

Mimi ni mkata vitambaa wa meza ya dirishani, yule ambaye karakana nzima inamwita Mzee Sikio. Nakuandikia kwa heshima zote, na baada ya kutafakari sana, kulalamikia zoezi la kubadilishana zawadi za kufunga mwaka ambalo ulituletea bila kutuuliza.

Miaka yote ya nyuma kila mfanyakazi alipewa mche wa sabuni, akaambiwa heri ya mwaka mpya, akaenda zake. Hakuna aliyelia wala aliyekumbatiwa. Sabuni haina maneno. Humfaa mwema na mbaya, na ikiisha imeisha. Sasa tazama ulikotufikisha.

1. Kuhusu kikaratasi nilichookota

Vikaratasi vyenye majina yetu vilichanganywa ndani ya kofia ya pikipiki ya tarishi, kila mtu akachukua kimoja. Nilipokunjua changu nilikuta jina la Mhasibu.

Ungemuuliza hata mpita njia angekwambia kwamba mimi na Mhasibu hatusalimiani. Kati ya meza yangu na chumba chake kuna dirisha la kioo. Zamani lilikuwa wazi, upepo ukipita kutoka kwake kuja kwangu. Siku moja akatoa kichwa akasema, mbele ya watu, kwamba nimezoea kutega sikio kila anapoongea na simu. Nikamjibu kwamba mazungumzo yake hayatoshi hata nusu sikio. Akalifunga dirisha, akabandika na boksi lililokunjuliwa. Tangu hapo mimi naokwa kama mkate, na yeye anafanya hesabu gizani. Ugomvi huo hatukuupata bure. Tumeulea wenyewe, kila mtu kwa upande wake wa kioo.

Nilipanda ngazi kukuomba unibadilishie kikaratasi. Ulicheka ukasema, "Mchukue huyo huyo, Mzee. Utashangaa." Ni kweli, nimeshangaa, na ndiyo maana naandika.

2. Kuhusu kulazimishwa kumtazama mtu

Tangazo lako ubaoni lilisema zawadi "imfae anayepewa." Maneno mawili tu hayo ya wino yamenigharimu usingizi.

Kwanza niliwaza kumpa kufuli. Nilimweleza mke wangu, akaniuliza kama naandaa zawadi au hukumu. Nikawaza kumpa pazia zito la kuziba lile dirisha vizuri zaidi, maana hata adui hastahili boksi. Mke wangu akaweka chini kijiko. "Kwani huyo mtu anapenda nini?" Nikasema anapenda kufunga madirisha. "Humjui," akasema. "Nenda kamtazame."

Ndugu Afisa, mimi ni mtu mzima. Nina wajukuu. Lakini kwa sababu ya tangazo lako nilijikuta mchana, wakati wenzangu wanakula, nikinyemelea nyuma ya stoo ya majora ya vitambaa, nimejibanza kwenye ukuta kama mwizi wa kuku.

Nikamkuta Mhasibu amechuchumaa, suruali kaipandisha magotini isichafuke. Mbele yake alikuwepo paka wa kijivu, sikio moja limechanika. Mhasibu alikuwa anatoa samaki kwenye chakula chake mwenyewe, anachambua miiba, anaweka vipande kwenye kifuniko cha kopo la rangi. Kifuniko kilikuwa chepesi, paka akilamba kinateleza, kwa hiyo Mhasibu alikuwa amekishikilia kwa vidole viwili. Na alikuwa anaongea naye. Anamwita shemeji!

"Kula pole pole, shemeji," alikuwa anamwambia. "Hakuna anayekufukuza."

Niliondoka kwa ncha za vidole vya miguu. Jioni nikaenda kununua bakuli la udongo, zito, pana chini, lenye ukingo mnene usioweza kumkata paka ulimi.

Siku ya sherehe alilifungua mbele ya wote. Wapo waliopiga kelele kwamba Mhasibu kapewa sahani ya mbwa, ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alilipindua, akalipima uzito, akaweka kiganja ndani yake akakiacha humo. Kisha akatoa leso akasema vumbi la vitambaa limemwingia machoni. Ukumbini hapakuwa na vumbi. Tulikuwa tumefagia wenyewe, na wewe ulisimamia.

Madhara: nimepoteza adui. Mtu ukishamsikia hasimu wako akimbembeleza paka, uadui unakosa mguu wa kusimamia. Nimejaribu kumchukia kama zamani, asubuhi kabla sijachoka, na siwezi. Nikimwona tu, nasikia "shemeji."

3. Kuhusu zawadi niliyopewa mimi

Hapa ndipo penye kidonda. Bahasha yangu ilikuwa ya karatasi ya kaki, haina jina la mtoaji. Ndani mlikuwa na mkasi.

Utasema, mkata vitambaa kupewa mkasi kuna ajabu gani? Nisikilize. Mimi ni mashoto. Shuleni nilifundishwa kwa fimbo kuandika kwa mkono wa kulia, na hata barua hii naiandika kwa huo, lakini mkasi haukuwa somo, basi mkono wa kushoto ukajifundisha wenyewe. Mikasi yote ya karakana imetengenezwa kwa watu wa kulia. Ukiishika kwa kushoto, makali yanaachana badala ya kubana, na ubapa wa juu unakuziba usiuone mstari wa chaki. Ili niuone, ilinibidi niinamishe kichwa upande wa kushoto. Nimekiinamisha miaka yote niliyofanya kazi hapa. Upande wa kushoto ndiko lilipo dirisha la Mhasibu.

Sasa unajua jina la Mzee Sikio lilikotoka. Sikuwa natega sikio. Nilikuwa natafuta mstari.

Sikuwahi kumwambia mtu. Kwanza hakuna aliyeuliza. Pili, mtu wa rika langu akianza kulalamika kwamba mkasi unamwonea, watu watamtafutia dawa. Kwa hiyo nikanyamaza, nikaota sugu kwenye kidole gumba, nikazoea.

Nilipoutia vidole ule mkasi wa kwenye bahasha, ukaingia mkononi kama mtu anayerudi kwake. Ulikuwa wa mashoto. Niliukatia kitambaa cha majaribio, nikauona mstari wote, mbele yangu, mweupe, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikachukua kitambaa kingine, nikakata tena.

Nauliza kwa adabu: ni nani katika karakana hii aliyenitazama mkono? Kwa ruhusa ya nani? Mtu anakaa miaka na siri yake ndogo, hamsumbui mtu, halafu anakuja asiyejulikana anaifunga kwenye karatasi ya kaki na kumkabidhi mbele ya soda na biskuti!

4. Kuhusu shingo yangu

Shingo imenyooka. Naomba usiharakishe kunipongeza.

Mapazia yangu sasa yananing'inia sawa, na msimamizi ameanza kuniletea kazi za hotelini ambazo zamani alizipeleka meza nyingine. Visingizio vyangu vyote vimekwisha. Mke wangu alipoona natembea wima alidhani nimepata mwanamke. Nikamwambia nimepata mkasi. Akasema uongo huo ni mpya na anauheshimu, lakini anataka kuuona huo mkasi. Nikampelekea. Aliugeuza geuza, akautia vidole vya mkono wa kulia, akashindwa, akautia vya kushoto, akaelewa. Kisha akaniuliza kwa nini yeye, aliyekula nami meza moja ujana hadi uzee, sikumwambia kwamba shingo inaniuma.  Huko nyumbani kesi hiyo bado inaendelea, na ofisi yako ndiyo iliyoifungua.

Wiki iliyopita, nilipokuwa nakata nimesimama wima, boksi lilibanduliwa. Dirisha likafunguka. Mhasibu akachungulia, akanitazama shingo, akatazama mkasi, akatazama mkono.  "Kumbe," akasema. "Kumbe," nikamjibu. Dirisha hakulifunga. Upepo unapita. Karatasi zangu za vipimo zinaruka ovyo, nazo ni hasara ya karakana.

5. Kuhusu kutomjua aliyenipa

Kwa kuwa mtoaji hajulikani, nalazimika kuwa mwema kwa kila mtu. Sijui kama umewahi kufikiria uzito wa jambo hilo.

Mpiga pasi, ambaye huimba wimbo mmoja kutwa nzima na anausahau katikati, huenda ndiye. Kwa hiyo siwezi tena kumwambia anyamaze, namkumbusha maneno. Msimamizi huenda ndiye, kwa hiyo nacheka vichekesho vyake. Dereva wetu, yule tunayemwita Breki kwa sababu hana, huenda ndiye pia, ingawa kila nikimkaribia kumsalimia anakumbuka safari na kuwasha gari. Mafundi cherehani wote, mmoja mmoja, nimewabebea mafurushi ngazini. Nimemuuliza kila mtu, kwa mafumbo na waziwazi, na wote wananijibu kwa tabasamu, kila mmoja akionekana kama anaficha kitu. Kila tabasamu linaniongezea deni la wema.

Mambo yakiendelea hivi, karakana itajaa watu wanaotazamana, wanaopendana, wanaojuana hadi paka. Nani atabaki wa kununa? Nani atasema ukweli kuhusu chai ya hapa? Nyumba isiyo na mtu wa kununa haina mlinzi.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo:

Kwanza, mtoaji wa mkasi atajwe hadharani na apewe onyo kwa kosa la kumtazama mwenzake kazini. Pili, nirudishiwe ugomvi wangu na Mhasibu katika hali uliyokuwa nayo, au nipewe ugomvi mwingine unaolingana nao. Tatu, zoezi hili lifutwe kabisa, na turudi kwenye sabuni.

Nitashukuru kupata majibu yako kwa maandishi, kwa kuwa ukinijibu kwa mdomo utacheka na mimi nitacheka, na jambo litaharibika.

Wasalimie wote huko juu. Msalimie meneja, na mama wa mapokezi, na yule bwana wa kompyuta ambaye sijui anachofanya. Wasalimie na watoto wako wasomao. Msalimie hata tarishi na kofia yake.

Ni mimi, mtumishi wako mtiifu na mwenye kinyongo,
Mkata Vitambaa, Meza ya Dirishani.

Tanbihi: Nilikuwa nakunja barua hii Breki alipoingia karakanani, akasimama mbele ya meza yangu kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi.

"Mzee, nisamehe," akasema. "Najua unanitafuta. Umeuliza watu wote, nikajua umekasirika. Ule mkasi ni mimi. Nilikuwa nimechelewa, duka linafungwa, mwenye duka akaniambia huu nichukue kwa bei ya kutupa, umekaa hapa hadi umeota vumbi. Nilipoujaribu nyumbani ukatafuna kitambaa, haukati. Nikasema labda fundi anajua namna yake. Niliuziwa mbovu, Mzee. Nipe niurudishe."

Kumbe hakuna aliyenitazama. Karakana nzima hakuna. Nilisimama na neno hilo kifuani, na sitakuficha kwamba liliniuma kuliko shingo.

Breki alikuwa bado amenyoosha mkono, uso wake umejaa aibu. Nikamtazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama bila kumkimbia barabarani. Viatu vyake vimefungwa kamba za aina mbili. Ni kijana anayejitahidi.

Nikamwambia mkasi ni mzima, na kwamba katika maisha yangu sijapewa zawadi iliyonijua kama hiyo, na akiugusa tutakosana. Hakuniamini mpaka nilipokata mbele yake, moja kwa moja, bila kusimama. Alitabasamu hadi gego likaonekana. Akasema, "Basi mimi nina jicho, Mzee!" Nikamwambia analo.

Kwa hiyo tafadhali ichane barua hii, na onyo nililoomba lisitolewe kwa mtu yeyote. Ila naomba unijulishe mapema vikaratasi vya mwaka huu vitachanganywa lini. Wapo wenzangu wengi humu ambao bado sijawatazama.