Simba wa Mkasi na Gari la Daktari

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na leo imelia hadi imepasuka. Jongeeni, enyi mliolelewa kwa habari za wafalme waliovuka majangwa na majemedari waliolala juu ya ngao zao. Ziwekeni kando habari hizo ndogondogo, mpate kusikia jambo lililowashinda wengi wenye elimu, vyeo na mikopo ya benki. Ni habari ya kinyozi mmoja, mwenye mke, watoto watatu na mama mkwe, aliyetoka nyumbani na fedha kiduchu kwenda kununua gari lililotumika, akarudi nalo likiwa linatembea.

Shujaa huyo ndiye Simba wa Mkasi, Mfyekaji wa Vichaka vya Kisogo, ambaye mbele ya mashine yake wakuu wa idara huinamisha vichwa na askari wenye nyota mabegani hufumba macho. Kazini kwake alikuwa sultani. Nyumbani kwake alikuwa mtu aliyewahi kununua jokofu lililochemsha maziwa. Jokofu lile alilichagua peke yake, kwa sababu muuzaji alimwita "mheshimiwa", na tangu siku hiyo mkewe, mwoka keki za harusi na mwanamke mwenye kumbukumbu ndefu, hakumruhusu kununua hata balbu bila shahidi.

Lakini vita haimwulizi mtu kama yuko tayari. Mama mkwe, aliyeishi nao, alikuwa na magoti mabovu. Katika safari yake ya mwisho basi liliondoka akiwa na mguu mmoja kwenye ngazi na mwingine barabarani, na aliporudishwa nyumbani na kandambili moja alisema basi, hapandi tena. Dada yake mkubwa alikaa upande wa pili wa mji, juu ya kilima, naye macho yamefifia, hatoki. Kila jioni wazee hao wawili walizungumza kwa simu mpaka salio liishe, kisha mama mkwe akabaki ameishika simu mapajani. Alichokuwa akikiogopa alikisema mara moja tu, jikoni, kwa binti yake: kwamba siku watakayoonana tena, mmoja atakuwa amelazwa chini na mwenzake analia. Akiba iliyotokana na keki na vichwa vya watu ilitosha gari moja, tena la mtumba. Likikosewa hilo, dada wale hawaonani.

Kama ilivyo ada ya majemedari, Simba aliitisha baraza la vita, nalo likakaa kwenye kiti chake cha kunyolea, mjumbe mmojammoja. Mwalimu wa hesabu alimwonya asiguse gari lililomzidi umri mwanawe wa kwanza. Karani wa mahakama alisema gari ni rangi, mengine ni maneno. Jirani ambaye hajawahi kumiliki hata toroli alihutubia kwa kirefu juu ya giaboksi, kisha akataka anyolewe bure kwa ajili ya ushauri. Mwingine, aliposikia Simba anauliza habari za ulaji wa mafuta, alicheka akamkumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Katika mafuriko hayo ya hekima lilipita neno moja tu lenye faida, nalo lilitoka kwa dereva wa lori aliyekuwa anasinzia chini ya mashine.

"Gari ni kama mtu," alisema bila kufumbua macho. "Usimpime ameshakunywa chai. Mpime asubuhi, akiwa bado baridi."

Simba hakulielewa neno hilo, ila alilipenda, akaliweka.

Siku ya siku ilipowadia jeshi likaondoka kwa teksi ya kukodi. Mbele alikaa Simba, begani ana mkoba wenye mashine ya betri, kitana na mkasi, maana hajawahi kwenda popote bila silaha. Nyuma alikaa mkewe, na fedha ndani ya pochi yenye zipu imara. Kando yake alikaa mama mkwe, ambaye hakuja kutembea bali alikuja kama kipimo: gari likiwa chini sana hawezi kuinuka, likiwa juu sana hawezi kupanda. Fundi huchukua futi kamba; wao walichukua mama mkwe.

Yadi ya magari ilikuwa kiwanja cha kokoto chenye vibendera vilivyopauka na magari yaliyopakwa mafuta matairini ili yaonekane vijana. Hapo alitawala dalali aliyeitwa Asali, na waliomwita hivyo ni wale ambao bado hawajanunua kwake. Aliwapokea kwa mikono miwili, akamsalimu mama mkwe shikamoo mara tatu, akawapeleka moja kwa moja kwenye gari jeusi lililong'aa kiasi kwamba Simba alijiona ubavuni mwake, mrefu kuliko alivyo.

"Bosi, hii siyo gari, hii ni heshima," Asali alisema. "Ni ya daktari. Daktari wa watu, siyo wa mifugo. Miaka yote ameisukuma mwenyewe, hajawahi kumpa dereva hata siku moja."

Ieleweke kwamba mjini mtu mwenye gari zuri haendeshi, anasukuma. Kusukuma ni kuendesha kwa raha, kiwiko dirishani, huku walimwengu wakikutazama. Simba alisikia neno hilo likamwingia hadi kwenye mifupa. Akajiona anasukuma mbele ya kinyozi mwenzake wa mtaa wa pili. Akaweka kiganja juu ya boneti, akalikuta lina joto, na Asali akamwambia kwamba alikuwa amelizungusha kidogo asubuhi ile, lisikae kinyonge. Ufunguo ulipozungushwa injini ikawaka papo hapo.

Kipimo nacho kikatumika. Mama mkwe aliingia bila shida, kwa kuwa kuingia humo ni kudondoka tu. Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Gari lilikuwa chini mno, naye alivuta, akapumua, akavuta tena, akabaki palepale. Simba, asiyeogopa hata kichwa cha mkuu wa polisi, alinyoosha mikono kisha akairudisha, kwani mkwe ni mkwe, na hakuna shujaa aliyewahi kumwinua wake kwa makwapa mbele ya watu. Binti akamvuta mama yake, Asali akasaidia kwa maneno. Alipokombolewa bibi huyo hakutoa lawama. Alichukua mkongojo wake, akaenda zake kutafuta pa kukaa.

Simba aliona hilo ni dosari ndogo, akasema watamwekea mto. Mkewe wakati huo alikuwa nyuma, anapima buti kama litaingiza maboksi ya keki. Alipolifunga aliona kwenye mfuniko madoa mawili yaliyofifia, ya ukubwa wa kiganja, mahali ambapo pengine pote paling'aa. Akauliza. Asali akajibu ni jua. Mwoka keki akalifikiria jua linalochoma mahali pawili tu, sawasawa, kushoto na kulia.

Hapo ushindi ulikuwa umekwisha kuwa wa Asali, lau angenyamaza. Akaeleza kuna mteja anatoka mbali, yuko njiani na fedha taslimu, na kwamba gari hilo halitafika adhuhuri. Kisha akamgeukia Simba, akamwinamia kidogo.

"Ila nikikutazama, mheshimiwa, naona kabisa hii ni yako."

Zipu ya pochi ilisikika ikifungwa.

"Baba watoto," mkewe alisema taratibu, "umeitwa mheshimiwa."

Simba alizinduka kama mtu aliyemwagiwa maji. Jokofu likamjia mbele ya macho, na nyuma yake mama mkwe ameishika simu mapajani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa kwelikweli. Ndipo neno la dereva wa lori likafunguka lenyewe: gari hili limeshakunywa chai. Liachwe lipoe. Lakini lipoeje, ilhali dalali anahimiza na mteja yuko njiani? Simba alimzunguka adui yake polepole, akamtazama kwa nyuma, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Kaka, samahani. Hicho kisogo alikunyoa nani?"

Hakuna mwanamume aliyewahi kuulizwa hivyo na kinyozi akabaki salama. Asali akapeleka mkono kisogoni. Akauliza kuna nini. Simba akamwambia si kitu, ila mstari umepanda upande mmoja, wateja wanaogopa tu kumwambia, na kwamba yeye angemrekebisha hapohapo, bure, wakati wakimsubiri huyo wa mbali. Na neno bure, kwa dalali, halina dawa. Akakaa juu ya tairi kuukuu, akafungwa kitambaa shingoni, akawa mateka.

Enyi mlioona miji ikizingirwa hadi ikasalimu amri, hamkuona mzingiro kama ule. Simba alichana. Akapuliza. Akanyoa kidogo, akarudi nyuma kutazama. Akaomba maji, hayakumridhisha, akaomba mengine. Alimnyoa upande wa kulia kwa uangalifu ambao hajawahi kumpa bwana harusi yeyote, huku akimuuliza habari za watoto, za mvua na za siasa, mpaka ulimi wa Asali ukalegea na kichwa kikaanza kusinzia. Mteja wa mbali hakutokea. Upande wa kulia ulipokuwa laini na wa kushoto ungali msitu, Simba alikwenda kwenye gari jeusi, akagusa boneti, akalikuta limepoa. Akazima mashine.

"Sasa liwashe."

"Malizia kwanza kichwa, bosi."

"Kichwa hakiendi popote. Liwashe."

Asali aliingia, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa mara moja, likanyamaza. Akazungusha tena, halikukohoa hata hiyo mara moja. Basi akashuka, kitambaa kingali shingoni, akaenda nyuma kama mtu anayekwenda kazini kwake, na mikono yake ikatua yenyewe kwenye mfuniko wa buti. Ilitua barabara juu ya yale madoa mawili.

Mwoka keki akaitazama mikono ile.

"Kumbe kweli," akasema. "Daktari alikuwa anaisukuma mwenyewe."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Masikini Asali, yeye alikuwa amesema kweli tupu.

Ndipo wakakumbuka kumtafuta mama. Walimkuta karibu na geti, ndani ya gari lililosimama kama sanduku, rangi yake ya uji, bampa limefungwa kwa waya. Alikuwa amekaa kitini mlango wazi, nyayo zote mbili chini, anapata upepo. Wakamwona anainuka kukung'uta gauni, kisha anakaa tena, bila kugumia. Simba akauliza bei yake.

"Hiyo siyo ya kuuza," Asali akajibu haraka. "Hiyo ni yangu. Nampelekea mama yangu kliniki."

Na Simba, akiisha kusimama juu ya kokoto kwa urefu wake wote, ambao si mwingi, alitoa hotuba inayostahili kuchongwa kwenye mawe.

"Kaka, haya magari yote unayajua, lipi linakohoa, lipi linachechemea. Na kati ya yote, mama yako umemchagulia hili. Na mimi nina mama. Yule pale, ameshakaa. Sasa chagua: niuzie hilo, au nenda nyumbani na kichwa hicho."

Akamfungua kitambaa, akakikung'uta, akaanza kukusanya zana zake. Asali akajitazama kwenye kioo cha gari lile, upande huu, kisha upande ule. Alihangaika, akalilia bei, akaapa, akasema wanamwonea. Mwishowe akashusha pumzi, akasema atamtafutia mama yake jingine, maana yeye angalau anajua yapi ya kuepuka. Wakaafikiana, na bei ilishuka kila mashine ilipofika penye nywele ngumu. Gari lile lilikuwa limelala baridi tangu asubuhi. Lilipojaribiwa liliwaka mara ya kwanza, kwa sauti mbaya ya mashine ya kusaga, na hakuna aliyetaka sauti nyingine.

Hawakupitia nyumbani. Walikwenda moja kwa moja hadi kilimani, kwenye geti la dada mkubwa, na Simba akaruka nje ili akamfungulie mama mkwe mlango. Akamkuta ameshaufungua. Ametoa mguu mmoja, ametoa wa pili, amesimama. Hakuna aliyemshika. Mlangoni akatokea bibi mmoja anapapasa ukuta, akauliza ni nani.

"Mimi," mama mkwe alisema. "Nimekuja, dada."

Walishikana, wakalia kwa muda mrefu, wakiitana majina ya utotoni. Mwoka keki akalia. Simba naye alilia, ingawa kumbukumbu rasmi zinasema ni vumbi. Kisha, ufunguo mkononi, akasimama kando ya gari mahali ambapo sifa zingempata kwa urahisi, akangoja. Hazikuja. Dada mkubwa alimpita, akalipapasa gari boneti, akalipapasa mlango, akapima urefu wa kiti kwa kiganja, akaingia. Mdogo wake akamfuata.

"Twende," wakasema.

"Wapi, mama?"

"Wewe endesha tu."

Washindi wengine hupewa miji na mabinti wa wafalme. Simba wa Mkasi alipewa vikongwe wawili kiti cha nyuma, wameshikana mikono, na amri isiyo na mahali. Injini ilikuwa imekwisha kupoa. Alisema bismillahi, akazungusha ufunguo. Andikeni, enyi waandishi wa tarehe za mataifa, mfute vita fulani kama nafasi ni ndogo: liliwaka.