Mkono wa Mjomba na Taa za Krismasi

Jamani, leo nimeaibika, tena kwa rangi nne: nyekundu, kijani, manjano na buluu. Nawaandikia nikiwa mzima wa afya. (Nywele tu ndizo hazijatulia.)

Habari zangu na Damari mnazijua. Mnajua pia kwamba baba yake alishafariki, na neno la mwisho kuhusu posa liko kwa mjomba wake, Mzee Eliasi wa Mgwashi. Mzee huyo amenipiga chenga mwaka mzima. Mara yuko shamba la ujamaa, mara ana mkutano wa kijiji. Juzi Damari akaniambia, "Mkesha wa Krismasi mjomba anakuja kwetu Lushoto. Akikupenda, washenga wako waje. Asipokupenda, basi tena."

Basi tena! Mimi mtu wa Magoma, nimeacha joto langu, nimejifunza kulala na mablanketi mawili, halafu basi tena?

Nikasema lazima mzee aingie akute jambo. Na jambo lenyewe lilikuwa juu ya kabati la Mama Damari: boksi la taa za mti wa Krismasi, aliloachiwa na nesi mmoja Mjerumani wakati anarudi kwao. Mama alilitunza kwa heshima, ila hakuwa na umeme. Mwaka huu umeme umeingia nyumbani kwake.

"Mama, niachie mimi," nikamwambia. "Umeme ndilo somo langu."

(Somo ninalofundisha ni kilimo. Umeme umo kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha sayansi, na kila mwaka shule hufungwa kabla hatujaufikia.)

Basi leo mchana nikafungua boksi. Panya walishanitangulia. Ngozi ya waya imetafunwa huku na kule, shaba inachungulia. Nikakimbia duka la ushirika kuulizia utepe wa mafundi umeme. Wana chumvi, viberiti na majembe. Utepe hawana, na muuzaji akaniangalia kama niliyeulizia ndege.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Kamba ya mgomba! Huku kamba ya mgomba inafunga kuni, inafunga mbuzi, inafunga mlango wa banda. Kwa nini isifunge umeme? Nikachuna kamba mbichi nyuma ya nyumba, nikaviringisha kila palipotafunwa, nikakaza vizuri.

Damari alikuwa anachambua mchele. "Hiyo kamba ina maji," akasema.

"Itakauka."

"Krismasi hii au ya mwakani?"

Nikaendelea kukaza. Tawi la mtarakwa, ndilo mti wetu wa Krismasi, tulilikata asubuhi kwenye ukungu, likawa linadondosha maji sakafuni. Mama akawa anadeki, linadondosha, anadeki tena. Sakafu yake ni ya saruji nyekundu, anaipenda kuliko kitu chochote ndani ya nyumba, na sheria yake inajulikana: viatu mlangoni. Mimi nilikuwa na makatambuga yangu ya tairi la lori. Nikaomba anisamehe, sakafu baridi, mimi mtu wa bondeni. Akacheka, akanisamehe.

Nikazitundika taa kwenye tawi, nikachomeka plagi. Zikawaka! Jamani, ziliwaka kweli! Mama akapiga kigelegele. Globu tatu tu ndizo ziligoma, nikapanda kwenye stuli kuzitikisa.

"Zima kwanza ndipo ushike," Damari akasema.

"Nikizima nitajuaje ipi haiwaki?"

(Jibu zuri sana. Mje mliandike kwenye kaburi langu.)

Nikiwa pale juu nikagusa ukuta kwa bega, na hapo kidole kilichoshika waya kikasisimka. Kidogo tu, kama kimepitiwa na sisimizi. Nikashangaa. Nikaachia ukuta: hakuna sisimizi. Nikagusa ukuta: sisimizi huyo! Mtu mwenye busara angeshuka. Mimi nikapata hamu ya kujua. Je, ni ukuta? Ni kidole? Ni baridi ya Lushoto? Nikabadilisha kidole, nikapata jibu lilelile. Nikalamba kidole (ndiyo, nililamba, nyamazeni) nikajaribu tena, na sisimizi akawa siafu.

"Unafanya nini huko juu?" Damari akauliza.

"Nachunguza."

Kabla sijamaliza uchunguzi, tukasikia hodi. Mzee Eliasi huyo! Koti refu la mvua, fimbo, kofia mkononi. Akavua buti zake mlangoni, akavua na soksi, akakanyaga sakafu ya dada yake kwa miguu mitupu. Akainua macho kwenye zile taa. Uso wake ukalainika, jamani. Nilimwona kwa macho yangu. Nikajua Damari ni wangu.

"Nani kafanya haya?"

"Mwalimu," Mama akasema, halafu akaangalia miguu yangu. Jicho moja tu. Mjomba mtu mzima kavua, wewe kijana wa kuposa umesimama juu ya stuli na matairi! Na mkubwa hasalimiwi kutoka juu, hilo sikuhitaji kuambiwa. Nikayavua makatambuga, nikayarusha mlangoni, nikashuka. Sakafu ilikuwa imetoka kudekiwa. Maji yakapenya kati ya vidole.

Mzee akanyoosha mkono. Nikaupokea kwa mkono wa kulia, nikainama kwa adabu zangu zote.

Mti nao ukaanza kuinama.

Nikaudaka kwa mkono wa kushoto. Nikadaka na waya, na kamba ya mgomba, na maji yake.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuamkia. Ikatoka hivi: "Shi-shi-shi-shi-shi!"

Mzee naye kanishika, haachii, fimbo inacheza ngoma sakafuni: "Ma-ma-ma-ma-ma!"

Mama Damari amesimama pale anatabasamu. Baadaye alikiri alidhani nimezidiwa na heshima.

Damari ndiye aliyeelewa. Hakutugusa. Aliruka hadi ukutani akapiga swichi. Tukaachiwa sote kwa mpigo. Mimi nikakaa kwenye beseni la maji ya kudekia, mti ukamwangukia mzee, nyota ya karatasi ya fedha ikatua juu ya kipara chake. Kisha kutoka chini ya matawi sauti ikamalizia kwa heshima:

"...rahaba."

Mama na Damari wakamwinua, mimi bado nimekaa kwenye beseni. Wakampa kiti. Wakampa chai. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka wenyewe kwenye kikombe, naye anautazama kama mkono wa jirani. Mtu mwingine hapo angeomba radhi akanyamaza. Mimi macho yangu yakaenda mlangoni, kwenye makatambuga, na lile swali la sisimizi likapata jibu. Nikaruka kutoka kwenye beseni.

"Ni matairi!" nikapiga kelele. "Mpira haupitishi umeme! Ndiyo maana nilipokuwa nimevaa sikupigwa! Ukuta una unyevu, sakafu ina maji, kamba ina maji, basi umeme ukapata njia! Mnaona?"

Waliona. Mama akaweka birika chini taratibu.

"Kwa hiyo mwalimu, mchana kutwa wewe ulikuwa na viatu, na mimi ninadeki chini ya huo mti kwa miguu mitupu?"

Jamani, hapo nilikosa pa kujificha. Kupigwa shoti kuliniuma, lakini si kama swali lile. Mama huyu alikuwa akipitisha kitambaa chini ya zile waya mara ngapi, na Damari yuko kando yake, nami nimekaa juu nachezea sisimizi. Nikasema, "Nisamehe, Mama. Sikujua. Nilijifanya najua." Machozi yalinilengalenga. Sioni haya kuwaambia.

Nikachomoa plagi, nikakusanya taa zote nikazirudisha kwenye boksi. Hakuna aliyenizuia. Mti ukabaki na pamba na nyota yake iliyokunjika. Nikachukua makatambuga yangu, nikasimama mlangoni kuaga, basi tena.

Damari akashindwa kuvumilia. "Mjomba, na lile jambo?"

Mzee Eliasi akaufungua mkono wake, akaufunga, akaufungua tena.

"Mgosi," akaniambia, yaani bwana kwa Kisambaa chao, "umeme huujui."

"Siujui, mzee."

"Sasa ndiyo umesema kweli." Akanywa chai. "Washenga waje. Ila wakifika wasinipe mkono. Waniamkie kwa mdomo, wakiwa huko huko mlangoni."

Washenga wenyewe ni nyinyi wawili. Kwa hiyo chekeni yote sasa hivi, mmalizie huko huko mliko, kwa sababu mtakapofika kwa mzee mtasimama mlangoni, mikono nyuma, na atakayecheka ataniharibia mke.