Miguu Yangu Haina Sukari

Kwa Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu,
Mbulumbulu, Karatu.

Ndugu Mganga,

Heshima yako kwanza. Mimi ni Emilian, yule mgonjwa wa sukari anayependa kukaa benchi la mlangoni. Nakuandikia nikiwa naota moto, maana baridi ya huku unaijua. Namshtaki Nesi Ndeshi. Ana adabu nzuri, lakini ameivamia miguu yangu, nami naomba umkataze kabisa kushuka chini ya magoti, kwa sababu zifuatazo:

1. Ameniagiza niikague miguu kila siku. Ndugu Mganga, miguu hii nimezaliwa nayo! Zamani ilikuwa inawaka moto usiku kucha; siku hizi haiumi hata kidogo. Juzi niliingiwa na mwiba, nikatembea nao hadi Karatu mjini na kurudi bila kujua. Mguu mgonjwa unaweza hayo?

2. Kwa kuwa siwezi kuziona nyayo zangu mwenyewe, eti mke wangu Penina anishikie kioo. Penina hashiki kioo, anapeleleza. Jumatatu aliona udongo mweusi katikati ya vidole, ule wa bondeni kwa Antonia muuza pombe, ambako nilishaapa siendi tena. Ugomvi uliofuata umeletwa na zahanati yako.

3. Nimekatazwa katambuga zangu za tairi la gari la watalii, tairi lililoshuka na kupanda kreta miaka yote lisipasuke. Sasa nalima maharage na viatu vya kufunika. Jirani yangu Josephati aliponiona alidhani natoka mazishini, akanipa pole ya msiba. Nikaipokea, ningefanyaje?

4. Hili ndilo limenichosha. Eti nisiote moto miguu, kwa sababu ngozi haisikii, nitaungua bila habari. Jamani! Mtu mzima aungue asijue? Hata sasa miguu yangu iko kwenye makaa, imetulia tuli, na kwa harufu hii nzuri naona Penina ananichomea nyama.

Kwa hiyo naomba cheti chenye muhuri, kithibitishe kwamba sukari yangu inaishia kiunoni. Penina asomewe mbele ya mashahidi.

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi, na mama wa mapokezi. Nesi Ndeshi msalimie pia, ila kwa mbali.

Ni mimi, mwenye miguu mizima,
Emilian

N.B. Ndugu Mganga, nimemwita Penina nimsifu, kumbe yuko mazoezi ya kwaya. Nyama hakuna. Soksi imeungua, na kisigino kimo humo humo. Hakiumi hata kidogo, na hapo ndipo naogopa sana. Mtume Nesi Ndeshi leo hii, tafadhali, afike kabla Penina hajarudi na kioo.