Jina la Duka la Mama Watoto

Jumatatu, 3 Machi
Itangazwe kwa vizazi vyote: leo asubuhi mimi, mwenye kitambi na miwani iliyofungwa kwa uzi, nimekuwa mwekezaji. Wakubwa wa mtandao wamelegeza masharti! Zamani, ili upate jina la tovuti, ilibidi uonyeshe kwamba biashara ni yako, na kuliuza ilikuwa marufuku. Sasa yeyote anasajili, yeyote anauza. Nimesajili jina la saluni ya Kinyozi wa hapo mkabala kabla hajaamka. Atakuja mwenyewe kunipigia magoti. Mama Watoto alikuwa amenipa hela ya kulipia upya jina la duka lake la kushona sare. Nimeazima humo. Jina lake litakimbilia wapi?

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kunyolewa, kibiashara. Nikamdokeza Kinyozi kwamba jina lake liko mikono salama. Akauliza mikono ya nani. Yangu, nikasema. Alicheka hadi mashine ikanichimba kisogoni. Eti wateja wake humjua kwa kelele za redio yake, tovuti hajaulizwa hata siku moja. Kaa nalo mzee, likufae uzeeni. Nimetoka nimenyolewa upande mmoja. Mvua.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Watoto kauliza mbona oda haziingii. Shule huagiza sare wiki hii, na sare ndizo zinazotulisha mpaka mwakani. Nikamwambia mtandao una mafua. Akanitazama kama kitambaa kilichochuja. Nimefungua tovuti yake kwa siri. Haipo! Muda wake uliisha, na mtu keshalisajili jina. Kumbe masharti yamelegezwa hata kwa wengine! Cherehani imenyamaza kutwa nzima. Sikujua nyumba hii ina ukimya mwingi hivi.

Jumapili, 9 Machi
Jina limerudi. Si kwangu. Kinyozi, baada ya kunicheka, aliingia mtandaoni kuona ni nani mwingine nimemwinda. Akakuta la duka letu limeachwa, akaliokota kabla ya walanguzi. Leo amemkabidhi Mama Watoto mlangoni, hakutaka kitu. Alichosema ni kwamba shemeji, hili mzee asilishike. Lakini shule mbili zilishaagiza kwingine. Mama Watoto hakufoka. Aliweka neno la siri jipya, mkono mmoja ukiandika, mwingine ukikinga nisilione. Hapo ndipo paliponiuma.

Jumatatu, 10 Machi
Niseme ukweli, maana humu hasomi mtu. Mtandao haukuwa na mafua. Hatukuibiwa. Nilichukua hela ya jina lililotulisha, nikanunua jina ambalo hata mwenyewe halitaki. Basi. Mama Watoto anashona sare za shule moja iliyobaki, amenipa mgongo. Nimemwomba radhi, akasema nimemzibia mwanga.

Nimehamia kibarazani. Fundi magodoro, ng'ambo ya barabara, anapandisha bango jipya. Jina zuri. Nimechungulia mtandaoni: hajalisajili! Na huyu ni mtu makini, si kama Kinyozi.

Mama Watoto ameingia jikoni. Pochi yake iko juu ya cherehani. Nitaazima kidogo tu.