Kapteni wa Chaneli Namba Moja

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Duka nimefunga, akili nimefungua. Kikao cha timu kwa Mzee Adolfu, Milanzi.

Timu yetu ya risasi za rangi, mchezo wa vita ambao ukipakwa umekufa, ina watu watano. Mimi Lwitiko, kapteni. Nestory, aliyewahi kuwa mlinzi wa kampuni na hachoki kutukumbusha. Jenifer, nesi, mlenga shabaha wetu. Nyanda, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Na Mzee Adolfu, mpima ardhi mstaafu, miaka sitini na nane. Huyu hatuwezi kumwacha. Msitu wa mikaratusi tunaochezea ni wake.

Jumamosi tunacheza na Namanyere. Mshindi anakwenda Mbeya mwezi wa nane. Nestory akasema tunapigwa kila mara kwa sababu hatuwasiliani, na tukipigwa tena ukapteni apewe mtu mwingine. Mtu gani? Akakohoa. Wote wakamtazama yeye. Wasaliti!

Nikasimama, nikatangaza: nitanunua simu za upepo. Tano! Na hedifoni zake. Makofi! Hata Nyanda alipiga, ingawa yeye hana haja ya simu. Akiita Milanzi, wanaitika Chanji.

Jumanne, 8 Julai

Duka la simu, nyuma ya stendi. Nestory alijileta bila kualikwa. Akashauri zile ndogo, zenye iafoni ya sikio moja inayopita chini ya barakoa, na kitufe cha kubonyeza kifuani. Akashauri pia tubadili chaneli, maana simu zote hizi zinakuja zikiwa namba moja na yeyote mwenye kama hiyo atatusikia.

Ushauri mzuri. Tatizo ni mdomo uliotoka.

Nikachukua zenye hedifoni kubwa, maiki mbele ya mdomo, zinazojiwasha zenyewe ukisema neno. Mikono inabaki huru kwa vita. Muuzaji anasema zinafika kilomita kumi. Msitu wa Mzee, kona hadi kona, ni mita mia mbili. Si kitu. Chaneli nimeiacha namba moja. Kapteni wa chaneli namba tano ni kapteni wa nani?

Jumatano, 9 Julai

Mazoezi. Hedifoni haiingii chini ya barakoa ya kukinga uso. Wala haikai juu yake. Nimeifunga kwa mpira wa baiskeli kutoka dukani kwangu. Kichwa kinauma, lakini kinatisha.

Kisha upepo. Julai, Ufipa, nani asiyeujua? Maiki ikausikia, ikadhani ni mtu anasema, ikajiwasha. Kwa dakika ishirini watu watano wazima tulisikiliza upepo. Nestory alibonyeza kitufe kisichokuwepo kifuani, kwa namna ya kuudhi sana. Nikavua soksi yangu, nikaivika maiki. Upepo ukakoma! Harufu ikabaki, lakini vita ni vita. Kesho wote waje na soksi.

Alhamisi, 10 Julai

Mazoezi tena. Leo kikwazo ni Mzee Adolfu. Kila akija hewani anaanza: hamjambo wanangu? Basi shikamoo zinatoka moja moja, marahaba zinarudi moja moja. Halafu anauliza za nyumbani. Halafu mguu wa mama yake Jenifer. Halafu ng'ombe wa kina Nyanda, aliyekuwa anaumwa amepona? Mpaka tumalize, tumeshapakwa rangi wote.

Nikamwambia kwa heshima kwamba vitani watu hawasalimiani. Akanijibu kwa upole kwamba ndiyo maana wanapigana.

Nyumbani, kupoza moyo, nilipiga picha nikiwa na hedifoni, nikamtumia Kasmir, kapteni wa Namanyere. Ajue anakuja kukutana na nani. Akauliza nimenunua wapi. Nikamwelekeza hadi mlango wa duka. Adui mwenye hofu lazima aonewe huruma.

Ijumaa, 11 Julai

Habari tamu! Kasmir naye amenunua simu tano, hedifoni zilezile. Wameanza kutuiga! Nestory alikuja dukani mbio, karibu apige magoti: tubadili chaneli. Nikamwambia kubadili ni kukimbia.

Baada ya yeye kuondoka nilikaa juu ya katoni ya minyororo, nikawaza. Dukani hapa bosi ni mke wangu, Fortunata. Kwaya naimba safu ya nyuma, na wameniomba niimbe polepole. Ukapteni huu ndio kitu pekee nilicho nacho mimi kama mimi. Naogopa kesho. Basi, nimeandika. Nalala.

Jumamosi, 12 Julai

USHINDI!

Kwa utaratibu. Filimbi saa nne. Dakika ya pili nilipanda kichuguu ili simu ishike vizuri na Namanyere wamwone kapteni. Walimwona. Risasi tatu: kifuani, gotini, na moja kwenye soksi. Nyanda alicheka, cheko likamfichua, akapigwa. Nestory akapigwa akitambaa kuja kwangu, bado analia na chaneli. Wakabaki Jenifer na Mzee Adolfu, wawili kwa watano.

Nilikaa pembeni na marehemu wenzangu, hedifoni masikioni. Nakiri hapa tu: nililia ndani ya barakoa. Nestory alinipa leso. Nikamchukia zaidi.

Ndipo Mzee Adolfu akaja hewani. Alikuwa hajaona mtu muda mrefu, upweke umemshika. Akasema, "Hamjambo wanangu? Mmeamkaje huko?"

Kumbe Namanyere nao wako chaneli namba moja! Ndiyo maana kila kona walikuwa wanatungojea. Lakini watoto wale wamelelewa. Hedifoni zikajiwasha zenyewe, na sauti nne zikatoka kwa mpigo, hewani na msituni: "Shikamoo, babu!" Moja nyuma ya gogo, moja shimoni, mbili kichakani. Jenifer akageuka. Pa! Pa! Pa! Pa!

Kasmir peke yake alikuwa ameuma ulimi. Mzee akauliza huyo wa tano mbona haitiki, ni mtoto wa nani asiyesalimia wakubwa. Halafu kisauti kidogo kikasema ni mtoto wa Klementina, wa mashine ya kusaga, Namanyere. Mzee akafurahi mno. Klementina! Alimpimia kiwanja yeye mwenyewe! Akamwambia asimame amwone amefanana na nani.

Kasmir alisimama. Mzee akamtazama vizuri, akasema pua ni ya mama kabisa, akampiga risasi ya bluu kifuani.

Tunakwenda Mbeya!

Jumapili, 13 Julai

Kikao baada ya ibada. Jenifer akapendekeza ukapteni apewe Mzee Adolfu. Mikono mitatu ikapanda, wa Nestory ukiwa wa kwanza. Wangu niliukalia. Mzee akakataa, ana mahindi ya kupukuchua. Wakatazamana wee, mwisho wakasema basi, aendelee Lwitiko. Nimechaguliwa kwa kishindo! Nestory akaniomba jambo moja tu, chaneli. Nikamjibu kwamba timu inayoshinda haibadilishwi.

Jioni nikakaa kuuchambua ushindi, kama kapteni anavyopaswa. Sababu ni mbili: hedifoni na soksi. Kasoro ni moja: salamu zinatumalizia betri. Kwa hiyo Mbeya ni marufuku kusalimiana hewani, na Mzee Adolfu atabaki nyumbani na mahindi yake. Kumwendea ana kwa ana ni kupoteza siku nzima, mpaka tumalize kujuliana hali. Bora barua. Fupi, kali, ya kikapteni.

Nimeianza tangu saa moja. Huu ni ukurasa wa tatu, na bado namuuliza hali za wajukuu.