Mbwa wa Bwana Ernesti Wanacheza Tu

Rahimu Shehe,
Kitongoji cha Mkongeni,
Kijiji cha Mwambajini,
kusini ya Tongoni.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, ndugu yangu Miraji,

YAH: MBWA WANNE WANAOWINDA BILA KIBALI, NA MTU MMOJA MWENYE KIBALI ASIYEWINDA

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini kwa kuwa nimekuzidi miaka minane na wewe ni mtu wa shughuli nyingi, nimeona niitikie mapema, ili shikamoo yako ikifika ikute kazi imekwisha.

Rejea kichwa cha barua hapo juu. Mimi ndiye yule Rahimu uliyemgongea muhuri mwezi uliopita apeleke ombi lake kwa bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori. Unakumbuka niliomba paa mmoja tu, na sababu niliieleza. Mama yangu, Bi Kijakazi, ambaye hata wewe alikubeba mgongoni ulipokuwa mtoto, hali chakula. Tangu atoke hospitali, uji anaonja vijiko viwili anasukuma bakuli. Wali hautaki, samaki anasema ananuka, kuku anasema wa siku hizi hawana tofauti na pamba. Mke wangu Tuhfa akamwuliza, basi mama, moyo wako wataka nini? Akafikiri kidogo, akasema, "Paa. Wa nazi na mbirimbi, kama yule aliyekuwa akileta baba yake Rahimu." Ndiyo maana mtu wa miaka hamsini na tisa, mwenye goti bovu, akalishusha darini gobori la marehemu baba yake. Hapa sifanyi mzaha, Mheshimiwa. Mama amebaki mifupa, na mimi sina mama mwingine.

Sasa naleta malalamiko yangu kwa namba, kama nilivyozoea nilipokuwa karani wa shamba la mkonge.

1. Kuhusu kibali. Ili niruhusiwe kumfuata paa mmoja, nilijaza fomu mbili, nikapiga picha nne ambazo kwa zote natazama kama mwizi, nikaleta barua yako, nikalipeleka gobori likakaguliwa na kijana aliyeniuliza mahali pa kuchomeka chaji. Nikapewa masharti. Paa awe mmoja. Awe dume. Apigwe ndani ya pori la kuwindia la kijiji, yaani kati ya mawe yaliyopakwa rangi nyeupe, baada ya jua kuchomoza na kabla halijazama, na kabla ya tarehe thelathini. Leo zimebaki siku tisa. Mbwa wanne wa Bwana Ernesti, yule mstaafu aliyejenga nyumba ya vigae pale ufukweni, wao utaratibu wao ni mfupi zaidi. Saa kumi na mbili asubuhi mlinzi wake, Noa, anafungua geti. Basi.

2. Kuhusu siku ya Jumatatu. Nililala kifudifudi kwenye mkonge wa zamani tangu alfajiri, miba ikinisalimu kila upande. Kwenye saa mbili hivi akatoka paa dume, amenona, hatua arubaini, kasimama ubavu kama aliyeitwa kupigwa picha. Nikapiga bismillahi. Nikavuta pumzi. Nikasikia kengele.

Maana hao mbwa, Mheshimiwa, wamevishwa kengele shingoni, ili mwenye mbwa ajue walipo. Hilo ni jambo jema, ila paa naye ana masikio. Aligeuka akaja mbio upande wangu na kunirukia. Sisemi alinishambulia, alinivuka tu, kwato moja ikatua kwenye kofia. Nyuma yake wakapita Malkia, Profesa na Sheri. Wa nne, Bobi, yule mnene, hakupita. Aliona nimelala akadhani nimelala kwa ajili yake. Akanilamba uso wote, kisha akalamba gobori, kisha akakaa akanisubiri tuondoke pamoja.

Unajua sheria yetu ya mate ya mbwa: maji mara saba, moja kwa udongo. Nimejiosha hivyo mara sita mwezi huu. Nimekuwa mwindaji pekee wa pwani hii anayerudi nyumbani safi kuliko alivyotoka. Mama, masikini, kila nikirudi ananiita nikae kitandani nimweleze yote, na nisiruke kitu. Ananiuliza, "Na yule mnene je?" Naona uchungu wa kumkosa paa unavyomsumbua, nami namweleza huku moyo unaniuma.

3. Kuhusu mazungumzo yetu na mwenye mbwa. Nilikwenda kwake Jumanne kwa adabu zote. Bwana Ernesti ni mtu mpole, alinikaribisha chai, akanitolea kiti ambacho kabla ya hapo kilikuwa cha Profesa. Nilimweleza habari ya kibali, ya mama, ya siku zilizobaki. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Mzee Rahimu, hawa hawana ubaya. Wanacheza tu."

Nimelichukua neno hilo nikalipima kila upande, nimelikubali. Wanacheza. Mtu aliyekula asubuhi wali na maini ya ng'ombe, akanyweshwa dawa ya minyoo, akachanwa nywele, akikimbiza paa kilomita tatu hawezi kuwa anatafuta kitoweo. Tatizo ni dogo tu, kwamba paa hajaambiwa. Yeye anakimbia kwa dhati. Nilimshauri Bwana Ernesti awafunge mpaka tarehe thelathini. Alishtuka kama aliyeambiwa afunge watoto. Akanionyesha kadi zao za chanjo, kila mbwa na yake, ina picha. Kwenye hizo wametoka vizuri kuliko mimi.

4. Kuhusu siku ya Ijumaa, na hili ndilo lililonikaa kooni. Siku hiyo wakacheza mpaka wakamkamata. Noa alimkuta paa amekwisha kufa, akaona aibu, akampakia kwenye baiskeli akamleta mlangoni kwangu. "Bosi amesema pole, na hii ya bibi," akasema. Nia yake njema, Mungu amlipe.

Paa yupo mlangoni, Mheshimiwa. Mama yupo ndani, siku ya kumi na moja hajamaliza bakuli. Nazi imekwisha kukunwa, maana Tuhfa alipoona baiskeli hakungoja. Nikamwita Ustadh Tahiri kabla hata ya kuvaa viatu. Ustadh akauliza maswali ya kisheria. Mbwa hawa wamefundishwa kuwinda? Hapana, wamefundishwa kutoa mkono. Kuna aliyewatuma? Hapana, walijituma. Aliyefungua geti alipiga bismillahi? Noa ni Mlokole, alisema yeye huwa anapiga mwayo. Walimkamatia mwenye kuwatuma, au walijikamatia wao wale? Hapo Ustadh akainama, akatazama paja la kushoto, akakuta halipo. Malkia alikuwa ameshajibu.

Basi, paa si halali, nikamrudisha kwa mikono yangu miwili mpaka kwenye baiskeli. Noa hakuelewa. Niliingia jikoni nikaikuta ile nazi kwenye bakuli, nikatoka tena.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba Serikali ya Kijiji imteue mtu mwaminifu asimame pale getini kila asubuhi, awatume mbwa rasmi, kwa jina la Mwenyezi Mungu, mmoja mmoja. Ustadh anasema hilo peke yake halitoshi, lazima wafundishwe kusimama wakiitwa. Nimejaribu. Juzi nilisimama njiani nikaita, "Malkia!" Alinitazama vile anavyokutazama karani wa ofisi ukiingia saa saba kasoro dakika tano.

5. Kuhusu paa wenyewe. Hawa ni wanyama wenye akili, na sasa wameyajua mawe meupe kuliko kamati yako ya ardhi inavyoyajua. Wakisikia kengele wanahama pori la kuwindia, ambako mimi nimeruhusiwa, wanaingia kijijini, ambako mimi nikilinyanyua gobori tu napelekwa ndani. Wapo kwenye mihogo ya shule. Yupo mmoja, tena dume, tena mkubwa, analala nyuma ya ofisi yako upande wa choo. Nilipokuja wiki iliyopita kuuliza majibu ya barua yangu ya kwanza tulitazamana naye. Yeye alikuwa anatafuna maua uliyopanda kwa ajili ya ugeni wa wilaya, mimi nilikuwa na kibali mfukoni. Nikamsalimu nikapita.

6. Kuhusu ombi langu rasmi. Nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Kuwafunga mbwa haiwezekani, watahuzunika. Kuweka uzio haiwezekani, utaharibu mandhari ya bahari ya Bwana Ernesti. Kuniongezea siku haiwezekani, bwana nyama amesema mfumo haukubali. Kilichobaki ni kimoja, nacho hakina gharama kwa kijiji. Naomba niandikishwe kuwa mbwa wa tano wa Bwana Ernesti.

Usiharakishe kukataa. Sifa ninazo. Chanjo nimechanjwa, kovu lipo begani na naweza kulionyesha mbele ya mkutano. Siumi. Pori nalijua kuliko Profesa. Kubweka nimejaribu nyuma ya nyumba, Tuhfa anasema inapita. Kengele nitavaa, isipokuwa Ijumaa nikienda msikitini. Jina siombi libadilishwe, ingawa nikiitwa Profesa Mdogo sitakataa. Goti langu bovu lisiwe kikwazo, kwani Bobi naye hafiki popote na hajafutwa.

Faida zake unaziona. Mbwa haombi kibali, kwa hiyo tarehe thelathini hainihusu. Mbwa hana mipaka, kwa hiyo yule wa nyuma ya choo chako nitamfikia. Mbwa hapigi picha nne. Na kwa kuwa nitakuwa mbwa wa kwanza wa nyumba ile anayejua bismillahi, Ustadh atapumzika, na mama yangu atakula. Siku bwana nyama akinikamata na gobori kwenye mihogo ya shule, sitajitetea hata neno moja. Nitamwita Bwana Ernesti atoke nje aseme, "Huyo hana ubaya. Anacheza tu." Kesi itakuwa imekwisha.

Nataraji jibu kabla hazijaisha hizo siku tisa. Wasalimie wote nyumbani, bibi mkubwa na bibi mdogo kila mmoja kwa nafasi yake, na mama mkwe wako ambaye nasikia sasa anatembea. Nisalimie wajumbe wa halmashauri, hasa wale waliosinzia barua yangu ya kwanza iliposomwa. Bwana nyama msalimie. Noa mwambie sina kinyongo naye. Wale wanne nitawasalimia mwenyewe kesho asubuhi.

Wako mtiifu, kwa sasa bado binadamu,

Rahimu Shehe.

Nakala:
Bwana nyama, kwa taarifa.
Ustadh Tahiri, kwa dua.
Bwana Ernesti, awasomee wahusika.

Nyongeza baada ya saini.

Mheshimiwa, nilipomaliza kuandika nilimsomea mama barua hii, ajue kwamba mwanawe anahangaika. Nilitegemea atalia. Nilipofika kwa Bobi na gobori alianza kutikisika, nikadhani homa imerudi, nikaweka karatasi chini. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka Tuhfa akaja mbio na mwiko mkononi. Akaniambia niendelee, nikaendelea, na nilipofika namba sita akataka asikie nabweka vipi. Nikamwambia, mama, mimi ni mtu mzima. Akasema, "Nibwekee mamako." Nikabweka, Mheshimiwa, na kofia yangu kichwani. Akaitisha uji akamaliza bakuli, akaitisha nusu nyingine akamaliza na hiyo.

Ndipo akanipa ukweli wake. Akasema, "Paa namtakia nini mie, meno yenyewe sina? Ulikuwa wakaa hapo kitandani siku nzima wanitazama kama mtu angojaye maiti. Hata kijiko kilikuwa hakipiti. Nikasema nikutume mbali kidogo nipumue. Kumbe huko nako warudi na vituko! Haya, usiwafungishe mbwa wa watu."

Kwa hiyo naomba barua hii uisome, uigonge muhuri, kisha usitekeleze hata kifungu kimoja. Mbwa wasifungwe. Geti lifunguliwe kwa wakati. Kengele zisivuliwe. Leo nimesikia Bobi anakohoa, tafadhali mtume mtu akamwulizie hali, maana yeye ndiye mama anayempenda zaidi. Kesho naingia porini kama kawaida, ila baruti naiacha nyumbani.

Barua hii anakuletea Tuhfa mwenyewe. Kama kuna kituko chochote cha mbwa hao unachokijua wewe na mimi kimenipita, mweleze vizuri, asisahau kitu, na umwachie awahi kurudi kabla ya magharibi. Mama hajala chakula cha jioni.