Sauti ya Mwewe wa Pili

Jumatatu, 6 Mei

Vita! Fundi cherehani, kaka wa mke wangu na adui wa akili yangu, ametamka mbele ya wateja kwamba kati ya waigizaji watatu waliowahi kucheza Jasusi Mwewe, bora ni wa Kwanza. Eti koti linamkaa. Koti! Nikamwuliza kama jasusi ni hanga la kutundikia nguo.

Wa Kwanza ana mabega. Wa Tatu ana jasho. Wa Pili ana SAUTI. Nzito, tulivu, akikutishia unatamani aendelee. Na Kiswahili chake! Mtu katoka ng'ambo huko, lakini anakinyoosha kuliko waandishi wote ninaowasahihishia makala gazetini. Fundi, pini mdomoni, akaniuliza kama mimi, shemeji yake, nina hakika na hilo. Nina hakika siku zote.

Mama Pazia, mwenye ukumbi wa filamu, alikuwa anapimwa gauni. Makelele yakamchosha. Akaamua: mdahalo Jumamosi, watazamaji waamue. Mshindi atakalia kile kiti cha mbele, chenye mto, chini ya feni, mwaka mzima.

Kiti kile! Mimi hukaa nyuma ya mwokaji mikate, mwenye shingo pana kama mlango wa ghala. Mwewe nimemwona nusu tu maisha yangu yote. Lakini nimemsikia mzima.

Jumanne, 7 Mei

Nafanya mazoezi ya sauti ya wa Pili, nimteke kila mtu kabla ya Jumamosi. Nimemwambia mke wangu, kwa sauti hiyo, anipatie chumvi. Akaniletea maji ya uvuguvugu na kunipapasa mgongo. Buchani nikaagiza nyama vilevile. Watu wote kwenye foleni wakanipisha, na mama mmoja akaniombea.

Inafanya kazi!

Alhamisi, 9 Mei

Nimepata shahidi! Nyuma ya tanuri la mikate anaishi bwana mmoja, watu humwita Mkalimani. Ndiye anayezitia filamu za Mwewe Kiswahili. Yaani anaandika maneno, anayapeleka huko, waigizaji wanayakariri. Kazi ya heshima. Wa Pili bila shaka ndiye mwanafunzi wake hodari.

Nimemkuta amejifunga skafu shingoni. Kwa kunong'ona akaniambia koo limemkauka kwa kazi. Kazi gani ya kuandika inayokausha koo? Sikuuliza. Nina adabu. Nikamweleza hoja yangu yote, na kila nilipotaja sauti ya wa Pili aliinamisha macho kama bibi harusi. Amekubali kuja. Fundi kwisha habari yake!

Jumamosi, 11 Mei

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Fundi akaanza: koti, mkunjo wa suruali, vifungo. Akakaa. Maskini.

Nikasimama mimi. Nimesoma wanafalsafa, nimebishana nao pembezoni mwa kurasa, na nimewashinda. Niliunguruma! Nikasema koti hununuliwa, sauti huzaliwa nayo mtu. Nikasema wa Kwanza anaongea kama karani, wa Tatu kama mgonjwa. Nikaamuru wote wafumbe macho, kisha nikamwita shahidi wangu atuambie, yeye aliyewajua wote watatu, nani mwenye sauti ya Mwewe.

Mkalimani akapanda jukwaani. Skafu hana. Koo limepona.

Akasema, "Hamjambo, mabibi na mabwana."

Mwewe! Mwewe wa Pili mwenyewe, ndani ya ukumbi! Mwanamke mmoja akapiga ukelele. Nikafumbua macho. Ni yeye, Mkalimani. Kisha akatuomba radhi, akatusemea kidogo wa Kwanza. Akatusemea wa Tatu. Akatusemea yule mrembo wa kwenye treni, na mbwa wa tajiri. Sauti zote zilitoka kwenye koo lile moja.

Mwokaji alicheka mpaka benchi likavunjika. Mke wangu alikuwa anajifuta machozi kwa kitenge cha jirani. Fundi akanijia, akanikumbatia: "Shemeji yangu, hata mbwa?" Akasema yeye anafahamu tangu utotoni, kila mtu anafahamu, ila nilivyokuwa nafurahi waliona huruma kunikatiza.

Mama Pazia akampa Mkalimani kiti. Wakampigia makofi. Na mimi nikapiga, mikono inajua yenyewe.

Jumapili, 12 Mei

Sijalala kwa furaha. Nimegundua kosa, na si langu!

Sauti ni moja, sawa. Basi kama sauti ni moja kwa wote watatu, na wa Pili bado ndiye bora, maana yake ubora wake umo kwingine. Machoni! Hoja imepata nguvu maradufu. Nimewahi mapema kwa Mama Pazia kudai mdahalo wa pili. Akafunga mlango taratibu, jambo ambalo si kukataa.

Safari hii nimechagua shahidi kwa makini. Yule anayechora mabango ya ukumbi. Amewachora wote watatu, macho na kope. Nimemhoji kikamilifu: hajatazama hata filamu moja ya Mwewe.

Kwa hiyo hana upendeleo wowote!